Mama Anaposahau Njia ya Nyumbani

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo tutazungumza juu ya mama mzee aliyeanza kusahau, na juu ya watu wanaomzunguka: watoto wake, wakaza wana, wajukuu, majirani, mwenye duka na vijana wa bodaboda. Naam, hata wa bodaboda wamo, na mtaona ni kwa nini.

Kila mtu husahau. Unatafuta funguo nyumba nzima, kumbe unazo mkononi. Hilo lisikutie hofu. Lakini kuna kusahau kwingine. Mama aliyeuza nazi sokoni kwa miaka thelathini anapewa noti ya mia kwa nazi ya shilingi arobaini, naye anarudisha themanini. Aliyesonga sima tangu akiwa msichana anasimama mbele ya sufuria inayochemka, asijue kama sasa ni zamu ya unga au ya mwiko. Anauliza swali lile lile mara sita kabla uji haujapoa. Usiku wa manane anajifunga leso na kusema anakwenda kwao, na huko kwao aliondoka zamani akiwa bibi harusi.

Hali hii huitwa dimensia. Ni ubongo unaoharibika polepole, kwa miezi na miaka. Mtu hupoteza kwanza mambo ya jana na juzi, halafu hesabu, njia na majina, na mwishowe hata namna ya kuvaa na kumeza. Mambo ya zamani hukaa zaidi. Ndiyo maana mama asiyejua alikula nini asubuhi anaweza kukuimbia wimbo wa ngoma ya usichana wake bila kukosea neno.

Aina inayoonekana zaidi ni Alzheimer, iliyopewa jina la daktari wa Ujerumani aliyeieleza mwaka 1906. Katika kila wagonjwa 100 wa dimensia, kati ya 60 na 70 wana aina hiyo. Nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na hapo ndipo shinikizo la damu na kisukari visivyotibiwa huingia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na dimensia, na zaidi ya nusu yao waliishi katika nchi zenye kipato cha chini au cha kati, kama hii yetu. Kwa hivyo tusidhani ni ugonjwa wa Wazungu.

Sasa nisikilizeni kwa makini hapa. Watu wakikuambia "ni uzee tu", usikubali haraka. Na wakikuambia "ni dimensia", pia usikubali kabla mama hajapimwa. Mama aliyekuwa mzima Jumatatu, na Jumatano hajui yuko wapi, huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni malaria, homa ya mapafu, maambukizi ya njia ya mkojo, kuishiwa na maji mwilini, au sukari iliyoshuka. Mzee anaweza kuchanganyikiwa kwa sababu hizi hata bila joto kali la mwili, na akitibiwa, mara nyingi akili yake hutulia.

Hata anayesahau polepole anahitaji kupimwa. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, virusi vya ukimwi, huzuni nzito baada ya kufiwa, na dawa za usingizi vinaweza kuleta kusahau. Vivyo hivyo damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka wiki kadhaa zilizopita. Tena chunguzeni macho na masikio. Nimeona mama anaitwa msahaulifu kumbe hasikii.

Mnapokwenda kituo cha afya, aende naye mtu anayeishi naye, si yule mwana aliyekuja jana kutoka Mombasa. Bebeni dawa zote anazokunywa, hata za kienyeji. Mwambieni daktari ni lini mlianza kuona mabadiliko na ni kitu gani hasa alichoshindwa kufanya. Msimtegemee mama aseme mwenyewe. Mbele ya daktari atakaa vizuri, atajibu "sijambo mwanangu", na kwa dakika kumi utadhani mlimsingizia.

Baada ya vipimo, huenda mkaambiwa ni dimensia kweli, na kwamba haina dawa ya kuiponya. Zipo dawa zinazosaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda, na daktari atawaeleza kama zinamfaa. Lakini anayewauzia dawa ya kurudisha kumbukumbu kwenye stendi ya matatu, huyo anawauzia maji. Msiuze mbuzi kwa ajili yake.

Wasikilizaji, familia nyingi zikishaambiwa hivyo hufunga mlango. Huona aibu. Mgeni akija, mama hupelekwa chumba cha nyuma. Nawaomba msifanye hivyo, na sababu yangu si adabu tu. Ni usalama wa mama.

Mnajua mambo yalivyo katika Kaunti ya Kilifi, ambako wazee wametishwa na kuuawa kwa kuitwa wachawi, hata ikabidi Kaya Godoma kule Ganze iwe kimbilio lao. Si Kilifi pekee. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, akina mama wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Sasa fikirini: mama mwenye dimensia anatoka usiku, labda hana nguo, anaingia uani kwa watu, anaongea na marehemu. Ukiulizwa, hawezi kujieleza. Anaweza hata kukubali kila anachoambiwa. Na kama katika boma hilo mtoto alishikwa na degedege wiki iliyopita, mnajua maneno yatakayofuata.

Kuna familia ninayoitembelea upande wa Ganze ambayo ilifanya jambo la busara. Mama yao alipoanza kuzurura, mkaza mwana wake mkubwa hakusubiri. Alimfuata mzee wa mtaa, na siku ya mkutano akasimama akasema waziwazi: "Mama yetu ni mgonjwa wa ubongo. Hospitali wamempima. Mkimwona mahali asipostahili kuwa, hajaja kwa ubaya, amepotea. Mshikeni mkono, mtuletee." Kisha akapita nyumba kwa nyumba kwa majirani wa karibu, akiwa na mama mwenyewe, wakanywa chai pamoja.

Miezi michache baadaye mama aliamka saa nane za usiku, akaingia boma la jirani, akagonga mlango akimwita mwanawe aliyekufa akiwa mdogo. Baba wa boma lile alitoka na panga, kama ambavyo mwanamume yeyote angetoka. Alipomulika tochi alimtambua. Akamwita mkewe, mke akamfunga mama leso, akamwambia, "Twende, mwanao yuko nyumbani anakungoja." Wakamrudisha. Asubuhi hapakuwa na kesi wala minong'ono. Laiti baba yule angekuwa hajaambiwa, usiku ule ungekwisha kwa namna nyingine.

Wengine nao walipata kazi zao. Mwenye duka alikuwa akiuziwa wazo lile lile kila siku: mama anakuja kununua sukari mara nne. Sasa humpa, huandika daftarini, na jioni mjukuu huirudisha. Vijana wa bodaboda wana maagizo yao. Mama huwasimamisha akitaka kupelekwa kwao Bamba. Hawamkatalii, maana akikataliwa huanza safari kwa miguu. Humpakia, humzungusha kidogo, na kumshusha mlangoni kwake akiwa ameridhika. Akina mama wanaoteka maji kwenye silanga wanajua asifike pale peke yake. Hata watoto wa shule waliambiwa, na tangu hapo hawamtupii mawe wala kumcheka, bali hukimbia kutoa habari.

Mkaza mwana yule alifanya jambo jingine lililonifurahisha. Badala ya kumfungia mama kwa kufuli, alifunga kengele ya mbuzi kwenye mlango wake. Mlango ukisukumwa usiku, kengele hulia, naye huamka. Mama hafungwi kamba, wala hafungiwi ndani. Moto ukizuka, aliyefungiwa hatoki, na aliyefungwa kamba huumia mikono na huzidi kuhangaika.

Tuje kwa mazungumzo ya kila siku, kwa sababu hapa ndipo walezi wengi huchoka. Mama anakuuliza, "Mama yangu yuko wapi?" Nawe unajua nyanya yako alizikwa miaka arobaini iliyopita. Ukimwambia amekufa, atalia kama aliyepokea habari leo. Baada ya saa moja atauliza tena, nawe utamfisha mama yake mara ya pili. Mwambie, "Umemkumbuka mama, eeh? Hebu nieleze, alikuwa akiwapikia nini?" Atakueleza, na moyo wake utatulia. Wengine huniuliza, huo si uongo? Mimi naona hujasema uongo wowote. Umemjibu anachohitaji.

Au atakwambia, "Umeniibia leso yangu." Uchungu wake naujua, wewe unayemwogesha ndiye unayeitwa mwizi. Usibishane. Sema, "Tuitafute pamoja." Wagonjwa hawa huficha vitu, kisha husahau kwamba walivificha. Ukishajua maficho yake, chini ya godoro, kwenye kapu la mahindi, juu ya uchaga, kazi inakuwa nusu. Sema naye polepole, neno moja moja, ukiwa mbele yake. Usimwambie "jitayarishe tuondoke". Mwambie "vaa kandambili hizi", kisha ungoje.

Jioni jua linapotua wengi huhangaika zaidi, kwa hivyo washa taa mapema na umpe kazi ya mikono: kuchambua mchicha, kukunja nguo, kupukuchua mahindi. Akikosea, mwache. Mpeleke chooni baada ya kila mlo, kabla hajaomba. Mafuta ya taa na dawa za kupulizia mimea ziwekwe mbali, maana chupa ya soda kwake ni soda. Kisima kifunikwe. Na asiachwe peke yake na jiko.

Kuhusu mali, kwa ufupi: mtu asiyejua leo ni siku gani asiwekeshwe alama ya kidole gumba kwenye karatasi za shamba. Kama ana miaka 70 au zaidi, ulizeni kwa chifu juu ya Inua Jamii, ile shilingi 2,000 za kila mwezi, na namna ya kumwandikisha mlezi wa kumpokelea. Fedha hizo ni za sabuni yake na uji wake.

Sasa nakuja kwako wewe mlezi. Mara nyingi ni mwanamke mmoja: binti ambaye hakuolewa, au mkaza mwana. Kila mwenye simu ana maoni yake, lakini anayeamka usiku ni yule yule. Familia ikutane, na kila mmoja apewe kitu cha kufanya. Aliye mbali atume pesa za nauli na nepi. Aliye karibu alale na mama usiku mbili kwa wiki. Wanaume pia. Mwana anaweza kumlisha mama yake, mkono hautaoza. Ukiona hulali, unamfokea kila saa, au umeanza kunyanyua mkono umpige, njoo zahanati uzungumze nasi. Hatutakusuta.

Na jambo moja ambalo sitalinyamazia: msimtoe msichana shuleni ili amlinde nyanya. Nimewaona, darasa la sita, la saba, wameketi mlangoni na fimbo wakati wenzao wanasoma. Mama huyu ana watoto, ana majirani, ana kanisa au msikiti. Zamu ya mchana itoke kwa watu wazima. Vikundi vya akina mama mnaochangiana pesa kila wiki, hata asubuhi moja ya kukaa na mgonjwa mnaweza kuchangiana.

Msikilizaji mmoja ameuliza kama inafaa kumpa mama dawa ya usingizi ili naye apate kulala. Usimpe bila daktari. Dawa hizo huwaangusha wazee wakavunjika nyonga, na huzidisha kuchanganyikiwa. Kwanza mpunguzie usingizi wa mchana, mtembeze shambani asubuhi, na uangalie kama anaumwa jino au tumbo, kwa sababu hawezi kukuambia. Hali ikiendelea, mwite mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, naye atatuletea habari.

Juma lijalo tutazungumza juu ya shinikizo la damu, lile ambalo halina dalili mpaka limeharibu. Ukimleta mama kliniki kabla ya siku hiyo, nawe nyoosha mkono upimwe. Kwaherini.