MTOTO MWENYE KIPAWA WA KIBERA: NANI AMTAFUTE?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Leo twataka kunena juu ya watoto wetu wenye akili kupita wenzao. Wako. Kila akaaye Kibera au Kawangware anamjua mmoja: kijana wa Laini Saba afufuaye redio iliyokufa, au binti wa Kawangware apigaye hesabu za kibanda cha mama yake kichwani kabla mnunuzi hajatoa pesa mfukoni. Tunauliza: nani amemtafuta mtoto huyo? Naye akipatikana, nani amshike mkono?

Kwa miaka mingi Kenya ilikuwa na chujio moja tu, nalo ni mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Tangu 1985 uliitwa KCPE, hata ukafanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtoto alisoma miaka minane, akapimwa kwa siku tatu. Hatusemi mtihani ule ulikuwa mbaya kabisa. Uliwatoa watoto wa maskini wengi, na Shule ya Msingi ya Olympic, palepale Kibera, ilipata sifa nchi nzima kwa jinsi watoto wake walivyofaulu. Lakini Januari 2003 elimu ya msingi ilipofanywa ya bure, jambo jema tulilolitaka wenyewe, watoto walifurika huko na madarasa yakajaa kupita kiasi. Wazazi wengi wa mitaa yetu wakabaki na shule ndogo za mabati, zilizoanzishwa na watu wa mtaa au makanisa, ambako mzazi hulipa kidogo kidogo.

Hapo ndipo tulipopata pigo. Mwaka 2011 Serikali iligawa nafasi za shule za taifa kwa kupendelea watoto wa shule za umma. Nia ilikuwa kuwazuia matajiri wasizimeze nafasi zote. Lakini shule zetu za mabati nazo zilihesabiwa kuwa za binafsi! Mtoto wa kibarua wa Kibera akawekwa kundi moja na mtoto aletwaye shuleni kwa motokaa.

Mwaka 2009 Serikali iliandika katika sera yake ya elimu ya mahitaji maalum kwamba wenye vipawa nao wanahitaji msaada wa pekee. Maneno mazuri. Ila mwalimu mwenye watoto sabini mbele yake atamtambua yupi?

Tena kuna habari ya karo. Karo ya bweni katika shule za taifa imewekwa shilingi 53,554 kwa mwaka. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa Nairobi kilichotangazwa mwaka 2024 ni shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi. Pigeni hesabu wenyewe: ni zaidi ya mishahara ya miezi mitatu, bila kula, bila kodi ya nyumba, na sanduku na godoro havijanunuliwa. Mwenzetu mmoja, ambaye hutembea kwa miguu kufuata reli mpaka Industrial Area, alipokea barua ya mwanawe kuitwa shule ya taifa. Aliikunja akaiweka chini ya godoro. Sisi tulipata habari mwaka uliofuata, kijana alipokuwa akisukuma mkokoteni wa maji. Kosa hilo ni letu, kwani tulikuwa naye kazini kila siku wala hatukumwuliza.

Wako waliofanya kazi hii kabla yetu. Starehe ilianzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu kwa vibanda viwili vya mabati, kwa ajili ya watoto wasio na makao, ikaja kuwa miongoni mwa shule bora za nchi. Mwaka huohuo Tom Mboya, Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanya Kazi, alipeleka vijana 81 Marekani kwa ndege kwenda kusoma. Alikuwa mtu wa chama kama sisi.

Na ng'ambo, katika nchi ya Hungaria, mwaka 1894 mwalimu Dániel Arany wa mji wa Győr alianzisha jarida la hesabu kwa wanafunzi. Kila toleo lilikuwa na maswali. Watoto waliyafanya nyumbani, wakapeleka majibu kwa posta, na majina ya waliopata yakachapwa. Paul Erdős, aliyekuja kuwa bingwa mkubwa wa hesabu, alikuwa mmoja wa watoto hao. Gharama yake karatasi na stempu tu.

Basi, kamati imekata shauri hivi. Tangu toleo lijalo, ukurasa wa mwisho wa gazeti letu utakuwa na maswali matatu, yaliyotungwa na mwalimu wa Kawangware aliyekubali kutusaidia bure. Mtoto wa mwanachama, hata wa jirani, ataleta jibu akionyesha njia aliyopitia, maana njia hutufaa kuliko jibu lenyewe. Wazazi, msiwafanyie!

La pili ni fedha. Wanachama 90 wakitoa shilingi 50 kila mwezi, kwa mwaka ni shilingi 54,000, yaani karo ya mtoto mmoja. Wengine watasema: mmoja tu, na waliobaki je? Ni kweli, wala hatuachi kudai karo iondolewe kwa wote. Lakini madai huchukua miaka, na mtoto wa Gredi ya 9 hangoji.

Sanduku la majibu liko kwa Katibu, ofisi ya tawi. Daftari la michango litafunguliwa baada ya mkutano huu.