Tunaposema "kaza roho", mtoto anasikia nini?

Mazungumzo na walimu na wazazi wa shule za msingi, Katana, Kivu ya Kusini



Tumeombwa kuzungumza juu ya namna ya kuwasaidia watoto wa shule wawe na moyo wenye nguvu baada ya mambo waliyoyaona. Katika vitabu jambo hilo huitwa ustahimilivu. Sisi hapa tuna neno letu ambalo hakuna asiyelijua: kaza roho. Tunamwambia mjane, tunamwambia mgonjwa, tunamwambia mwanafunzi aliyeanguka mtihani. Tunamwambia pia mtoto wa miaka saba aliyelala porini usiku mbili. Tuanze na neno hilo, kwa sababu katika kazi yetu tumegundua kwamba mara nyingi tunapomwambia mtoto "kaza roho", maana yake ni "nyamaza". Na mtoto anaelewa vizuri sana. Ananyamaza. Anakaa nyuma ya darasa, hasumbui mtu, na mwisho wa muhula mwalimu anaandika kwenye buletini: mtoto mtulivu.

Hatusemi hivyo kwa kuwalaumu walimu. Nasi tulilelewa kwa neno hilo. Wengi wetu tuliomo ndani ya chumba hiki tulikuwa watoto wakati kambi za wakimbizi za Inera na Kashusha zilipovunjwa mwaka 1996, katika Oktoba na Novemba. Tulikimbia, tukarudi, tukapewa daftari mpya, mambo yakaishia hapo. Kisha vita vya Agosti 1998, ambavyo vilidumu mpaka 2003. Kisha Juni 2004, Bukavu. Kisha Jumapili ile ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ardhi lilipotukuta asubuhi, wengine wakiwa kanisani. Mtoto wa darasa la tatu wa mwaka 1996 leo ni mzazi, na mtoto wake naye amekimbia. Mwezi wa Februari 2025 vita vilipoteremka kwenye barabara yetu, kutoka Kalehe mpaka uwanja wa ndege wa Kavumu na kuingia Bukavu, kuna baba mmoja aliyetuambia kwamba alijikuta anamwambia mwanaye maneno yale yale aliyoambiwa na marehemu mama yake katika njia ile ile. Alishtuka mwenyewe kuyasikia.

Moyo wenye nguvu tunaoutafuta si moyo usiosikia maumivu. Ni moyo unaoanguka na kujua pa kushika ili uinuke. Basi swali letu la leo ni hili: mtoto wa Katana anashika wapi?

Kabla ya kujibu, inatubidi tuwaeleze kosa letu wenyewe, maana wengine wenu mlikuwapo. Tulipoanza kazi hii mashuleni tulikuja na karatasi na kalamu za rangi. Tuliwaambia watoto wachore vita. Wakachora: nyumba inawaka, mtu amelala barabarani, helikopta. Kisha tukawaita mmoja mmoja mbele ya wenzao waeleze michoro yao. Tuliamini kwamba uchungu ukitoka mdomoni, umetoka moyoni. Tena, tukubali ukweli, michoro ile ilipendeza katika ripoti, na wageni waliokuja na kamera waliipenda.

Kulikuwa na msichana mmoja wa darasa la nne aliyesimama na mchoro wake, akaanza, akafika katikati, akashindwa. Tukamwambia, endelea, usiogope. Akaendelea. Juma lililofuata hakuja shule. Mama yake mkubwa alikuja kutuona, akatuuliza kwa upole, jinsi wazee wetu wanavyouliza wakiwa wamekasirika kweli: "Wanangu, mlikuwa mnatafuta nini kwake?" Hatukuwa na jibu. Alituambia kwamba tangu siku ile mtoto halali, na kwamba sasa anaogopa watoto wenzake, kwa sababu wanamwita kwa jina la jambo alilolisimulia.

Baadaye tulisoma na kuuliza, tukakuta kwamba Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuonya: kumkalisha mtu aliyetoka katika hatari na kumfanya aeleze yote kwa mara moja hakumsaidii, na kwaweza kumdhuru. Mtu asaidiwe kwanza kuwa salama, ale, awaone watu wake, asikilizwe kama yeye mwenyewe anataka kusema. Jambo ambalo yule mama alilijua bila kusoma.

Kuna mfano wa karibu zaidi, na tunautaja kwa heshima kwa sababu familia zinazohusika ni majirani zetu. Kavumu iliteswa kati ya mwaka 2013 na 2016 kwa uhalifu dhidi ya watoto wa kike wadogo sana. Mahakama ya kijeshi ilipokuja kukaa Kavumu mwishoni mwa mwaka 2017, watoto wale walikuwa na mambo ambayo sheria ilihitaji kuyasikia. Lakini walihojiwa na wataalamu mahali pa faragha, mahojiano yakarekodiwa kwa video, ili wasisimamishwe mbele ya washitakiwa na kurudia tena na tena. Hukumu ilitolewa Desemba 2017. Basi tukajiuliza: kama mahakama, ambayo kazi yake ni kutafuta ushahidi, iliweza kumwonea mtoto huruma kiasi hicho, sisi wa karatasi na kalamu tulikuwa tunatafuta ushahidi gani?

Tuliacha. Mfadhili mmoja aliyetaka hadithi za watoto na picha za nyuso zao hakufurahi, na msaada wake haukurudi mwaka uliofuata. Tunasema hivi ili mjue kwamba uamuzi huo ulitugharimu, na kwamba mgeni akija kwenye shule yenu na kuomba "mtoto mmoja mwenye historia nzito", mnayo haki ya kukataa. Mkurugenzi anaweza kusema hapana.

Sasa, mtoto anashika wapi?

Anashika kengele. Tunasema kengele, ninyi mnajua ni jante ya gari iliyotundikwa mtini na kupigwa kwa chuma. Mwaka 2025 familia zilipoanza kurudi, kulikuwa na mabishano makali: tufungue shule, au tungoje watoto wote warudi? Wengine walisema ni aibu kufundisha watoto kumi na tano katika darasa ambalo kwa kawaida limejaa hadi madirishani. Katika shule moja mwalimu mmoja alikuja asubuhi, akapiga kengele, akasimama mlangoni. Siku ya kwanza walikuja tisa. Hakufundisha somo jipya. Aliita majina yote ya orodha, hata ya wasiokuwapo, na kwa kila asiyekuwapo aliuliza kama kuna anayejua habari zake. Kisha wakaimba, wakahesabu kwa mawe, wakacheza mpira wa majani ya migomba, wakaenda nyumbani saa ile ile kama kila siku. Mama mmoja alituambia kwamba mtoto wake alilala usiku ule bila kushika nguo yake. Si kwamba vita vilikuwa vimemtoka. Alikuwa amejua kesho itakuwa nini.

Vita vinamnyang'anya mtoto mambo mengi, lakini kimojawapo tusichokihesabu ni ile kujua kitakachofuata. Mtu mzima anaweza kubashiri, anaweza kusikiliza redio, kuuliza barabarani. Mtoto hana. Kwa hiyo saa ya kuanza, wimbo wa bendera, mapumziko, zamu ya kufagia, mambo madogo yanayorudi kila siku bila kubadilika, kwake ni dawa. Hata zamu ya kufuta ubao. Msimnyime mtoto aliyekimbia zamu yake kwa kumhurumia. Huruma ya namna hiyo inamwambia kwamba yeye si kama wengine.

Tena anashika mtu. Hapa tungependa mtuvumilie tutoke Katana kidogo. Wakati wa vita vya pili vya dunia, London ilipokuwa inapigwa mabomu, Anna Freud na mwenzake Dorothy Burlingham walifungua nyumba za kulelea watoto. Waliona jambo lililowashangaza watu wa wakati ule: watoto wengi waliopitia mabomu wakiwa na mama zao walisimama vizuri kuliko wale waliopelekwa mbali mahali pa usalama bila watu wao. Mama akiwa mtulivu, mtoto alitulia. Mama akitetemeka, mtoto alitetemeka, hata bomu likiwa mbali. Na katika kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, Emmy Werner na wenzake waliwafuata watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 mpaka wakawa watu wazima. Karibu theluthi moja walikuwa wamezaliwa katika umaskini na matatizo mazito ya nyumbani. Katika hao, mmoja kwa kila watatu alikua vizuri, mtu wa kazi na wa watu. Watoto hao walikuwa na angalau mtu mzima mmoja asiyewaacha: bibi, shangazi, jirani, na mara nyingi mwalimu.

Bibi, shangazi, jirani. Wazee wetu mnacheka, kwa sababu hayo mliyafanya kabla ya vitabu. Jioni kando ya moto, hadithi ya sungura na fisi, mtoto anaogopa kidogo na kucheka kidogo huku ameegemea goti la mtu: ile ilikuwa shule ya kuogopa bila kuangamia. Familia zilizowapokea wenzao kutoka Bushushu na Nyamukubi, baada ya mafuriko ya tarehe 4 Mei 2023, hazikuwa na mtaalamu wa saikolojia. Zilikuwa na sahani moja ya bugali, sombe na sambaza kidogo, na mkeka wa kutandika.

Lakini tusijisifu mno. Mtu huyo huyo anayeshikwa anaweza kuwa na fimbo mkononi. Tumeona mtoto anaruka chini ya dawati kwa sababu pikipiki imelia barabarani kama risasi, darasa zima linacheka, na mwalimu anampiga kwa kuleta fujo. Mwalimu huyo hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa amesikia ile pikipiki, moyo wake ulikuwa umeruka pia, na hakutaka darasa lijue. Kuanzia Septemba 2019 masomo ya msingi ni bure, nasi tunafurahi, lakini madarasa yalifurika, na mwalimu ambaye mshahara wake unachelewa, au ambaye hayumo kabisa kwenye orodha ya malipo, anaombwa abebe uchungu wa watoto wote hao. Mtu mwenye kisima kikavu hawezi kuwanywesha wengine. Kwa hiyo tunaomba kamati za wazazi: kabla ya kuuliza mwalimu anawafanyia nini watoto, muulizeni mwenyewe amelala vipi. Katika shule mbili walimu wenyewe wameanza kukutana siku ya Ijumaa baada ya masomo, nusu saa, bila ajenda. Mwanzoni walizungumza juu ya mishahara tu. Nusu ya mwezi ilipita ndipo mmoja akasema juu ya ndoto zake.

Na yule mtoto chini ya dawati? Mwalimu mwingine, mama wa makamo, alifanya hivi: alisema kwa sauti ya kawaida, "Ni pikipiki. Hata mimi nimeshtuka." Akavuta pumzi ndefu, darasa likavuta naye, wakaendelea na kuzidisha kwa saba. Hakuna aliyecheka, kwa sababu mwalimu mwenyewe alikuwa amekubali kwamba alishtuka.

Kuhusu watoto waliorudi kutoka mikononi mwa makundi yenye silaha, tutasema kwa ufupi kwa kuwa ni mada ya siku nzima. Theresa Betancourt na wenzake waliwafuata vijana wa namna hiyo huko Sierra Leone tangu mwaka 2002, wakaona kwamba waliopokelewa na familia na majirani, na kurudi shuleni, walipona vizuri kuliko waliotengwa. Majina tunayowaita nyuma ya mgongo, na mengine mbele ya uso, yana nguvu kuliko mafunzo yetu yote.

Wako pia watoto ambao kengele na goti la bibi haviwatoshi. Mtoto ambaye baada ya majuma mengi bado hali, halali, hasemi, amerudia kukojoa kitandani, anajiumiza, au anasema hataki kuishi: huyo asiambiwe akaze roho wala asipelekwe kwanza kwa maombi ya siku saba. Maombi yaendelee, lakini apelekwe pia hospitali ya Katana, nao wataona kama inafaa apelekwe Bukavu, kituo cha SOSAME, au Panzi kama ametendewa ukatili. Na mtoto akija mwenyewe kukuambia neno, hata kama uko katikati ya kusahihisha madaftari, weka kalamu chini. Usimwulize maswali ya polisi. Sema "nimekusikia", na umwambie kweli utakachofanya na usichoweza kufanya. Usimwahidi kwamba vita havitarudi. Tuliwahi kuahidi hivyo sisi pia, mwaka mmoja, na watoto wanakumbuka.

Yule msichana wa darasa la nne alirudi shuleni baada ya muda. Hatukumwuliza kitu. Mwalimu wake alimpa zamu ya kupiga kengele asubuhi. Mama yake mkubwa yuko hapa leo, na tulimwomba ruhusa kabla ya kusimulia. Alikubali kwa sharti kwamba tuseme pia kosa lilikuwa letu.

Tumebakiwa na saa moja. Walimu wa darasa la kwanza na la pili waanze kuuliza, kisha wazazi.