HAKI YA MGENI: MFANO WA UJERUMANI



Tumeombwa tueleze jinsi Ujerumani inavyowapokea waomba hifadhi. Jambo hili latuhusu, kwani nasi tumepokea ndugu wengi wa Burundi na Kongo mkoani Kigoma.

1. Haki iliyoandikwa

Mwaka 1949, wakiwakumbuka waliolazimika kuukimbia utawala wa Hitler, Wajerumani waliandika katika Sheria yao ya Msingi kwamba anayeteswa kwa sababu za kisiasa ana haki ya hifadhi. Mwaka 1992 maombi yalizidi 400,000, na mwaka uliofuata Bunge likaibana haki hiyo: aliyepitia nchi inayohesabiwa kuwa salama hawezi kuidai. Hata hivyo wengi hulindwa kwa Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951.

2. Mzigo wa wote

Mwomba hifadhi huandikishwa, kisha hupelekwa katika mojawapo ya majimbo 16. Kila jimbo hupokea sehemu yake kwa kipimo kilichokubaliwa: theluthi mbili hutegemea mapato ya kodi, theluthi moja idadi ya wakazi. Hivyo wilaya za mpakani haziachiwi mzigo peke yao. Huko mgeni hupata malazi, chakula, matibabu ya lazima na fedha kidogo za matumizi.

3. Je, kidogo ni kiasi gani?

Hapa ndipo penye fundisho. Sheria ya mwaka 1993 ilimpa mwomba hifadhi msaada ulio chini ya ule wa raia maskini. Bei zilipanda, lakini kiwango hakikubadilika kwa karibu miaka 20. Mtu mzima asiye na familia alibaki na kama euro 225 kwa mwezi. Tarehe 18 Julai 2012 Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba kiwango hicho hakitoshi, na kwamba heshima ya binadamu haiwezi kupunguzwa ili wageni wengine waogope kuja. Serikali ikalazimika kuongeza. Yafaa tutambue tofauti: hisani huombwa, haki hudaiwa mbele ya hakimu.

4. Jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ujerumani humnyima mgeni jembe kwa miezi mitatu ya kwanza, na anayeishi katika kituo cha mapokezi aweza kungoja hadi miezi sita, au zaidi. Mwenye nguvu hukaa bure, kisha hushutumiwa kwamba anakula jasho la wenzake. Kumlisha mtu huku tukimfunga mikono ni kumpa nusu ya heshima yake.

Maswali kwa Jumuiya

(a) Mkimbizi aliye kwetu akidhulumiwa, aweza kudai haki yake wapi?
(b) Je, sisi tumempa jembe?