Kahawa Iuzwayo Ingali Maua
(Maneno tuliyowaambia wazee wa vijiji na walimu)

Leo hatukuja kusema habari za mbegu wala za mbolea, bali habari ya jirani. Maneno yenyewe si mageni kwenu, maana kila mwaka twayasikia barazani, watu wakimcheka mwenzao na kusema, "Yule hana akili, ameuza kahawa yake ingali maua."

Sisi nasi tulikuwa katika hao wachekao. Kwa hiyo haya tusemayo twajisema na nafsi zetu pia.

Mkoani Kagera desturi hii huitwa butura. Mwenye shamba hupatwa na haja, akaenda kwa mwenye fedha, naye humpa fedha kidogo juu ya kahawa ambayo bado iko mtini. Mavuno yakija, kahawa si yake tena, na bei ya soko ikipanda, faida ni ya yule mwenye fedha. Serikali imeikataza, mwaka 2018 ilikemewa kwa ukali, pamoja na kangomba ya korosho kule kusini. Lakini amri haimpeleki mtoto hospitali usiku.

Haya, na tufanye hesabu ya mtu huyu kama aifanyavyo mwenyewe. Ni mwezi wa kwanza. Mtoto ana homa, na mwingine aingia shule. Ada ya sekondari za Serikali, hadi kidato cha nne, iliondolewa mwaka 2016, ni kweli, lakini sare, madaftari na michango haikuondoka. Mbuzi alikwisha kuuzwa mwaka jana. Ndugu zake wamwambia, "Subiri mavuno." Mavuno yako mbali kwa miezi minne au mitano, na homa haingoji. Kwake yeye shilingi chache za leo zina nguvu kuliko nyingi za mwezi wa saba. Sisi wenye mshahara, tukifikiwa na jambo kama hilo, twakopa kwa mwenzetu kazini na kumlipa mwisho wa mwezi, kisha twajiita watu wenye busara.

Tena mambo haya si ya kahawa tu. Magharibi ya Kenya wakulima wengi huuza mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na baadaye hununua mahindi ya kula bei ikiwa juu. Wataalamu watatu, Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel, walilichunguza jambo hilo, na maandishi yao yalitoka mwaka 2019. Wakulima waliokopeshwa fedha wakati wa mavuno waliuza kidogo wakati ule, wakaweka mahindi, wakauza bei ilipopanda, nao wakapata kuliko wenzao wasiokopeshwa. Hawakufundishwa akili mpya. Walipewa fedha za kuvukia miezi michache, basi.

Wako watakaosema kwamba maskini ni mwoga, hataki kujaribu mbegu mpya. Na hao hao, jioni, watasema kwamba maskini hana hofu, acheza kamari kwa simu. Sisi twaona mambo haya mawili yana mzizi mmoja. Mbegu mpya ikikataa, mwenye ghala tupu hukosa fedha na chakula pamoja, na hakuna wa kumwinua. Na yule aliyeweka sarafu moja moja mwaka mzima, akaona ugonjwa mmoja umezimaliza zote, huanza kudhani kwamba bahati moja kubwa ndiyo mlango uliobaki. Mfa maji haachi kutapatapa. Kamari hatuisifu hata kidogo, imekwisha kuvunja nyumba tunazozijua; twasema tu kwamba matusi hayajamtoa mtu humo.

Sasa twafika penye maneno mazito, nayo yatuhusu sisi tulio na daftari mkononi. Tuliwahi kuwa katika kamati ya shule moja, tukaweka siku ya mwisho ya mchango wa madawati katika mwezi wa pili. Baba mmoja alichelewa. Tuliliandika jina lake katika orodha ya wakaidi, na orodha ikasomwa mbele ya watu. Juma lililofuata alileta fedha zote, nasi tukasema, kumbe alikuwa nazo! Mwezi wa saba tulipita njiani tukamwona achuma kahawa katika shamba lake mwenyewe, na kijana wa mnunuzi amesimama kando akihesabu magunia. Hatukumsalimu vizuri, kwa haya.

Huko Busia, nchini Kenya, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walijaribu kuwauzia wakulima mbolea mara tu baada ya mavuno, fedha zingali mkononi, na kuwapelekea bure. Walionunua waliongezeka, karibu sawa na kama bei ingalipunguzwa nusu baadaye, wakati wa kutia mbolea. Maandishi yao yalitoka mwaka 2011. Bei haikuguswa, iliyobadilishwa ni tarehe.

Basi, wazee na walimu, ombi letu ni dogo. Mchango wa choo cha shule umewekwa mwisho wa mwezi wa pili. Twaomba usogezwe hadi mwezi wa saba, na ile orodha isisomwe. Fundi tumekwisha kuzungumza naye, naye amekubali kungoja.