Mtoto wa Mwaloni na Chuo Kikuu



Ikitajwa shahada ya elimu ya awali, wengi wetu tunaona darasa: mkeka, chati ya silabi ukutani, mwalimu mmoja na watoto wa miaka mitano. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa shahada hiyo, na ninawaheshimu wanaoisoma. Ila huku kwetu kwenye machimbo ya dhahabu, kuanzia Kahama hadi Nyarugusu, mambo mazito ya utoto hutokea mtoto akiwa bado hajalifikia darasa hilo. Anayesomea watoto wadogo aanzie pale walipo.

Twende mwaloni, mahali pa kuchenjulia dhahabu. Karasha likishasaga mawe, unga wake hupitishwa na maji juu ya magunia yaliyotandikwa kwenye mbao za mteremko. Kilichonasa hukung'utiwa kwenye beseni, zebaki ikamiminwa, mtu akavuruga kwa mikono mitupu. Akishakamua kwa kitambaa hubaki na kidonge cha rangi ya fedha, na hicho hukichoma juu ya mkaa: zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Wapo wanaochomea nyumbani, jikoni kabisa. Mama anayeifanya kazi hiyo huenda ana mtoto mgongoni, au amemlaza chini ya turubai hatua chache tu, dada yake, naye bado mtoto, akimwangalia. Mvuke wa zebaki hauonekani. Mtoto mchanga, kwa kila kilo ya uzito wake, huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima, na ubongo wake ndio kwanza unajengeka.

Haya si mageni. Kati ya 2002 na 2007, mradi wa kimataifa wa zebaki chini ya UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, ulifanya kazi Rwamagasa, mkoani Geita. Mwaka 2013 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu watoto wanaochimba na kuchenjua dhahabu Geita, Shinyanga na Mbeya. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumtumikisha mtoto migodini, na ni sheria njema. Lakini yule aliyefungwa mgongoni kwa kanga hajaajiriwa na mtu. Hachimbi, habebi, hapondi mawe, anapumua tu. Mkaguzi wa kazi hana fomu ya kumwandika, na mwalimu wa awali hatamwona mpaka afike miaka mitano. Nauliza vyuo vyetu: huyu anasomwa na nani?

Tusidhani kwamba elimu ya utoto ni bidhaa tunayopaswa kuagiza. Sehemu yake muhimu ilichotwa hapa Afrika Mashariki. Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954, akawa anakaa sebuleni kwa akina mama wa Kiganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akitazama jinsi mtoto anavyomfuata mama, anavyomlilia na anavyomrudia. Kitabu chake kilitoka 1967, na kile alichokiona kwa Waganda ndicho alichokwenda kukiendeleza Marekani, mjini Baltimore, mpaka nadharia ya mfungamano wa mtoto na mlezi ikaenea duniani. Asingefika mbali bila mkalimani na msaidizi wake, Katie Kibuka. Leo mwanafunzi wetu anaikariri nadharia hiyo kwa ajili ya mtihani, wala haambiwi kwamba sehemu ya msingi wake ilichotwa ng'ambo tu ya Ziwa Victoria. Hilo linaniuma. Mwaka 1977 tena, Thomas Weisner, aliyefanya utafiti Kenya, pamoja na Ronald Gallimore, waliwataka wataalamu waache kumtazama mama peke yake, kwa kuwa katika jamii nyingi mtoto hulelewa na kaka na dada zake. Msukuma yeyote angewaambia hivyo bila utafiti.

Yule dada chini ya turubai ni mlezi, na yeye mwenyewe ni mtoto. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inahesabu tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Kwa hiyo wote wawili wamo, ikiwa dada hajavuka umri huo. Mtaala wa mwalimu uwachukue wote wawili.

Kuna pia lugha. Mtoto wa Kishapu huja shuleni na Kisukuma chake, akakuta Kiswahili. Mpango wa utayari wa kuanza shule wa EQUIP-Tanzania, uliofika Shinyanga, ulitumia hadithi na wasaidizi waliotoka kijiji hichohicho, watu wanaomjua mtoto na kwao. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, na vyuo vingepaswa kuuchunguza kwa kina.

Basi ninapendekeza mafunzo kwa vitendo yasiishie darasani. Mwanafunzi wa shahada hii apangiwe pia mwaloni, kliniki ya mama na mtoto, na kituo cha kulelea watoto mchana kama kipo. Ajifunze kupima umbali kutoka sehemu ya kuchomea hadi pale mtoto anapolala, na kuzungumza na mama bila kumtisha wala kumlaumu, maana mama yule amefuata riziki.

Na ajifunze bajeti. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, kampuni za madini hutakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Madarasa na zahanati hupata watetezi kwa urahisi, kwa kuwa jengo hupigwa picha. Kituo cha watoto wa chini ya miaka mitano, kilichojengwa mbali na moshi lakini karibu kiasi cha mama kwenda kunyonyesha, kinahitaji mtu wa kueleza kwa hoja na vipimo kwa nini kijengwe hapo na nani awe mlezi wake. Mtu huyo awe mhitimu wetu, na aingie kwenye kikao cha halmashauri kabla mpango haujasainiwa.