Mwenye Hofu ya Ghafla Aombe Dawa Gani, na Wapi?

Mazungumzo kwa wananchi na wahudumu wa afya ya jamii katika siku ya afya ya wadi



Mazungumzo ya leo yanahusu mtu ambaye wengi wenu mnamjua. Ni yule anayefikishwa hospitalini usiku kwa bodaboda au tuktuk, mkono kifuani, akisema anakufa. Moyo unamwenda mbio, jasho linamtiririka, vidole vimekufa ganzi, pumzi hazishuki. Anapimwa presha, anapimwa sukari, anafanyiwa kipimo cha moyo. Baada ya nusu saa ametulia na majibu yote ni mazuri. Anaambiwa hana ugonjwa wowote, aende nyumbani apumzike, apunguze mawazo.

Wiki inayofuata amerudi.

Mtu huyo ni mgonjwa, na ugonjwa wake una jina na una dawa. Wataalamu huuita ugonjwa wa hofu ya ghafla, na kile kinachomkimbiza hospitalini usiku ni shambulio la hofu. Kila mwili una kengele yake ya hatari. Mtu akikutana na nyoka njiani, moyo huongeza kasi, pumzi huwa za harakaharaka na misuli hujiandaa kukimbia. Kwa mgonjwa huyu kengele hulia na nyoka hayupo. Hulia akiwa kwenye foleni ya benki, ndani ya matatu iliyojaa, wakati mwingine hata akiwa usingizini. Kwa kawaida shambulio hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha huanza kushuka lenyewe. Ndiyo sababu daktari mara nyingi humkuta ameshatulia.

Baada ya mashambulio mawili matatu, kinachomtesa zaidi ni kungojea lingine. Anaacha kupanda matatu. Anaacha kwenda sokoni. Anaogopa kubaki nyumbani peke yake. Yupo pia mwenzake asiyepata mashambulio lakini wasiwasi haumtoki toka asubuhi hadi usiku, kwa miezi 6 na zaidi, hata siku ambazo hakuna baya lililotokea. Hao wawili ni ndugu wa familia moja ya maradhi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 ulimwenguni waliishi na maradhi ya wasiwasi, na kwamba takriban mmoja tu kati ya wanne wanaohitaji tiba ndiye huipata.

Kuhusu ushauri wa "punguza mawazo", inafaa kusemwa wazi: hiyo si dawa, na hakuna duka linaloiuza. Anayeambiwa hivyo huondoka akiamini ama anadharauliwa ama amerogwa.

Kuna hatua isiyorukwa. Kabla ya kuitwa hofu, mambo mengine lazima yaangaliwe. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya kasi na kutetemeka. Upungufu wa damu, sukari iliyoshuka, pumu na hitilafu za mapigo ya moyo huweza kufanana kabisa na shambulio la hofu. Mtu aliyeshikwa na maumivu ya kifua kwa mara ya kwanza, hasa akiwa amepita miaka 40 au ana presha au kisukari, asiambiwe na jirani kwamba ni hofu tu. Apelekwe hospitalini wakati huohuo.

Pia aulizwe anakunywa na kutafuna nini. Mwezi Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka, na suala likafika mahakamani. Siasa zake tuziache kando. Kitabibu, miraa na muguka vina kemikali ya kuchangamsha inayopandisha mapigo ya moyo na kuondoa usingizi. Kahawa nyingi na vile vinywaji vya kuongeza nguvu huweza kufanya vivyo hivyo. Mwenye mashambulio ya hofu anayetafuna kila jioni anamwagia moto mafuta, na kuna ambao nusu ya shida yao hupungua wakiacha. Lakini asiache kuja hospitalini eti kwa sababu anatafuna. Tabibu anauliza ili ajue tiba ianzie wapi, si ili amripoti.

Sasa dawa yenyewe. Chukueni mfano wa muuza mitumba ambaye amechoka. Ameshindwa kwenda kuchukua marobota kwa sababu safari ya gari inamtia hofu, na biashara inakufa. Anaamua: nataka dawa. Ana milango miwili mbele yake.

Mlango wa kwanza ni duka la dawa la mtaani. Anaeleza kwamba halali na moyo unamdunda, naye anauziwa, bila cheti cha daktari, vidonge vichache vya diazepamu. Anameza kimoja na ndani ya saa moja ametulia kama maji ya mtungini. Anaamini amepona. Baada ya wiki kadhaa kidonge kimoja hakimtoshi, anahitaji viwili. Siku asipovipata, hofu inarudi kwa kishindo kuliko mwanzo. Diazepamu iko katika jamii moja na vidonge ambavyo vijana mtaani huviita bugizi, na uraibu wake ni uleule. Aliyevizoea akiviacha ghafla anaweza kupatwa na kifafa. Akivichanganya na pombe au na dawa kali za maumivu, pumzi zinaweza kukatika akiwa usingizini. Ndiyo maana sheria haziruhusu viuzwe kama peremende.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2023 haupendekezi dawa za jamii hii kutibu maradhi ya wasiwasi kwa watu wazima. Unaziruhusu kwa dharura ya wasiwasi mkali tu, kwa muda wa siku 3 hadi 7, si zaidi. Mgonjwa akisikia tabibu anamnyima diazepamu ya mwezi mzima, asidhani amebaniwa. Aliyekwisha kuizoea naye asiitupe chooni kwa hasira. Aende aseme ukweli, apunguziwe polepole kwa mpango.

Mlango wa pili ni hospitali, na huko dawa inayopendekezwa ni ya polepole. Fluoksetini na sertralini ni mifano yake. Huongeza kazi ya kemikali moja ya ubongo iitwayo serotonini, na hazileti uraibu wa kutaka kipimo kikubwa kila siku. Zisipopatikana, amitriptilini au mwenzake wa jamii hiyo ya zamani huweza kutumika, kwa uangalifu zaidi kwa wazee na wenye maradhi ya moyo. Wengine huandikiwa propranololi kutuliza mapigo. Mwenye pumu aseme mapema, maana dawa hiyo inaweza kumbana kifua. Nayo hutuliza kifua tu, hofu ikabaki palepale.

Hapa ndipo wagonjwa wengi hupotea, kwa hiyo wahudumu wa afya ya jamii wasikilize kwa makini.

Dawa ya polepole huanza kusaidia baada ya wiki 2 hadi 6. Siku za kwanza mgonjwa anaweza kujisikia vibaya zaidi: kichefuchefu, kichwa kuuma, usingizi kukatika, na hata wasiwasi kuongezeka. Fikirieni mtu anayeogopa mapigo ya moyo wake mwenyewe, amepewa kidonge, na siku ya tatu moyo unampiga zaidi. Atakitupa, na atawaambia majirani kwamba dawa za hospitali zilitaka kumuua. Tabibu mzuri huanza na kiwango kidogo na humwambia haya mapema. Asipoambiwa, mgonjwa aulize: nitarajie nini wiki ya kwanza, na nikizidiwa nije wapi? Mhudumu wa afya akimpitia siku ya nne na siku ya kumi, akamkumbusha kwamba maudhi hayo mara nyingi hupungua yenyewe, atakuwa amefanya kazi ambayo daktari aliye mbali hawezi kuifanya.

Jambo moja halisubiri wiki 6. Mgonjwa, hasa kijana wa chini ya miaka 25, akianza kuzungumzia kujidhuru au kufa baada ya kuanza dawa au kubadilishiwa kiwango, arudishwe hospitalini siku hiyohiyo na asiachwe peke yake. Vivyo hivyo akianza kukesha siku kadhaa bila kuchoka, akisema kwa kasi na kutapanya pesa. Huenda ana ugonjwa mwingine ambao dawa hii peke yake huuchochea.

Kuna maudhi yasiyotajwa hadharani, na kutotajwa kwake ndiko kunakovunja tiba. Dawa hizi zinaweza kupunguza hamu au uwezo wa tendo la ndoa, kwa wanaume na kwa wanawake. Wanaume wengi huziacha kimyakimya kwa sababu hiyo. Mtu amwambie tabibu. Kiwango kinaweza kurekebishwa, au dawa ikabadilishwa. Mama mjamzito au anayenyonyesha naye aseme, na asiache dawa kwa ushauri wa jirani, kwani si kila dawa ni ya kuachwa.

Na akishapata nafuu? Ndipo kishawishi kikubwa hufika. Amelala vizuri mwezi mzima, amepanda matatu, anasema amepona, anafunga pakiti. Kwa kawaida dawa huendelea kwa miezi 6 hadi 12 baada ya nafuu, kisha hupunguzwa taratibu. Kuikatiza ghafla huleta kizunguzungu, hasira na hofu kurudi, naye atadhani dawa haikufanya kazi.

Dawa haifanyi kazi yote. Tiba ya mazungumzo, ambamo mgonjwa hufundishwa kuitambua kengele ya uongo na kurudi hatua kwa hatua mahali alipopakimbia, ina nguvu sawa na dawa kwa wengi, na faida yake hudumu. Shida ni uchache wa washauri. Panapokuwa na mshauri, vyote viwili vitumike. Sala, dua na maombi havigongani na kidonge, na imamu au mchungaji anayemwombea muumini kisha akamsindikiza kliniki anafanya jambo jema mara mbili. Anayemwambia aache dawa ili aonyeshe imani anambebesha mzigo ambao si wake.

Haya yote si hisani. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Mwaka 2020 jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza matatizo ya afya ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa, na mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho yaliyozipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi katika vituo vyao. Mgonjwa wa hofu halazimiki kusafiri hadi Mathari. Aanze alipo.

Aanzie zahanati au kituo cha afya cha karibu. Huko asitarajie kukuta kila dawa rafuni. Kazi ya zahanati ni kumsikiliza, kumpima na kumwandikia barua ya rufaa kwenda hospitali ya kaunti ndogo au ya rufaa, aonane na tabibu au muuguzi wa afya ya akili. Aende na karatasi aliyoandika mwenyewe: shambulio lilitokea lini, lilidumu dakika ngapi, alikuwa akifanya nini, alikuwa amekula au kutafuna nini, na dawa zote anazotumia pamoja na za mitishamba. Anaweza kuulizwa maswali 7 mafupi kuhusu wiki 2 zilizopita. Ayajibu kama yalivyo. Na aseme waziwazi, "Nimekuja kwa sababu ya hofu, nataka kujua kama ninafaa kupata dawa." Anayesema "kichwa kinauma tu" hupewa dawa ya kichwa.

Dawa wakati mwingine hukosekana hospitalini, na kulificha hilo hakumsaidii mtu. Mgonjwa aulize dirishani zikiwa zimebaki siku 10, si siku ya mwisho. Zisipokuwepo, aandikiwe cheti chenye jina la dawa yenyewe badala ya jina la kampuni, maana kwa kawaida ndiyo ya bei nafuu dukani. Ambaye bado hajajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii abonyeze *147#. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa kwa aliyesajiliwa. Kwa hospitali kubwa, aulize kabla ya kuonana na daktari ni nini kinacholipiwa.

Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini walipozinduliwa rasmi, mikoba yao ina mashine ya presha na kipimo cha sukari. Mkiitwa usiku kwa mtu anayesema anakufa, pimeni, mtulizeni avute pumzi polepole na kuzitoa polepole zaidi, na akiwa na dalili za moyo mkimbizeni. Akitulia, msimwache na neno "si kitu". Mwandikieni rufaa ya asubuhi. Anayehitaji kuzungumza na mshauri kwa simu anaweza kupiga 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu bila malipo.

Meza ya tabibu wa afya ya akili iko kwenye hema la pili, upande wa nyuma, ili anayekwenda asitazamwe na umati. Itakuwa wazi hadi saa 10 alasiri.