Juu ya Kukopesha na Kumdhamini Ndugu
(Mafundisho ya Amri ya Saba)



Katika somo lililopita tulieleza jinsi amri ya saba inavyotukataza kuiba mali ya mtu na kuizuia isivyo haki. Leo tutaeleza jambo ambalo watu wengi hawalihesabu kuwa sehemu ya amri hiyo, kwa sababu halianzi kwa wizi, bali huanza kwa wema. Ni jambo la kumkopesha ndugu au rafiki, na hasa la kumdhamini, yaani kusimama mbele ya mkopeshaji na kusema: Huyu asipolipa, nitalipa mimi.

Sitaanza kwa mfano wa jirani. Nitaanza kwa kosa langu mwenyewe, maana mwalimu anayeficha kovu lake hafundishi vema.

Mwaka 2016 alinijia mtoto wa mama yangu mdogo. Alikuwa akinunua ndagala kando ya ziwa Tanganyika, akizikausha na kuziuza mbali. Alitaka kuongeza biashara yake, akaenda kukopa dola 400 katika chama cha akiba. Wakamwambia alete mdhamini. Akaniambia: “Yaya, hawataki fedha yako. Wanataka jina lako tu.” Nami nikaona haya kumkatalia, kwa maana tulinyonyeshwa pamoja, na watu husema kwamba undugu ni kufaana. Nikaenda naye. Nikaandika kiasi kile kwa maneno na kwa tarakimu, kama nilivyoelekezwa, nikatia sahihi. Mkono uliandika, lakini akili haikuhesabu. Tena sikumwambia mke wangu.

Ndugu yangu hakuwa mwongo. Alilipa vizuri miezi ya kwanza. Kisha mvua ilinyeshea magunia yake njiani, gari lilipokuwa limekwama katika matope siku nyingi, na ndagala zote zikaoza. Zilibaki dola 250 za kulipa. Watu wa chama walimtafuta, wasimwone. Ndipo walipokuja kwangu. Hawakunitukana wala hawakunidhulumu. Walinionyesha tu karatasi yenye mwandiko wangu.

Nyumbani tulikuwa na vitu viwili vya thamani: mbuzi wawili, na cherehani ambacho mke wangu alishonea nguo za watu, na katika kazi hiyo tulipata ada ya shule ya watoto. Tuliuza cherehani kwa dola 120, na mbuzi kwa dola 70. Zile 60 zilizobaki tulizilipa kidogo kidogo kwa mihogo ya shamba letu. Siku walipokuja kukichukua cherehani, mke wangu hakupiga kelele. Alisema tu: “Baba, wewe hukumdhamini ndugu yako. Mimi ndiye niliyemdhamini, na hakuna aliyeniuliza.”

Wasikilizaji, neno hilo ndilo somo lote la leo. Anayedhamini amekopa. Hakopi kesho, siku mwenzake atakaposhindwa. Amekopa siku ile ile anayotia sahihi. Tena hakopi peke yake, bali anakopa pamoja na mke wake na watoto wake, hata kama wamelala na hawana habari.

Sasa tutazame Maandiko Matakatifu yanafundisha nini. Katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 29, mwenye hekima hamkatazi mtu kukopesha. Anasifu kumkopesha jirani wakati wa shida yake, na anamhimiza aliyekopa arudishe kwa wakati wake. Anakiri pia kwamba wengi hukataa kukopesha si kwa ubaya wa moyo, bali kwa kuogopa kupotewa na mali yao bure. Anasema mtu mwema humdhamini jirani yake. Lakini mara moja anaonya kwamba udhamini umewaangusha wengi waliokuwa wanasitawi. Mwisho anaunganisha mambo mawili: umsaidie mwenzako kadiri ya nguvu zako, na ujiangalie usianguke wewe mwenyewe. Angalieni basi: hasemi usaidie kadiri ya haya yako, wala kadiri ya maneno ya watu. Anasema kadiri ya nguvu.

Na kitabu cha Mithali, sura ya 6, kinamshauri mtu aliyekwisha kujifunga kwa ajili ya mwingine asilale usingizi, bali aende upesi kumsihi mwenzake mpaka ajiokoe, kama paa anavyojiokoa katika mkono wa mwindaji.

Sheria ya nchi nayo haichezi na jambo hili. Dekreti ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888 ilimpa mdhamini wa kawaida haki ya kusema: Tafuteni kwanza mali ya mwenye deni, kisha mje kwangu, isipokuwa kama ameiacha haki hiyo katika mkataba. Lakini tangu mwaka 2012 Kongo imeingia katika sheria za OHADA, ambazo nchi nyingi za Afrika zimeziweka kwa ajili ya biashara. Katika sheria hizo, karatasi isiposema vingine, mdhamini huhesabiwa kuwa amefungwa pamoja na mwenye deni. Maana yake ni kwamba mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji anaweza kubisha mlangoni pako bila kungoja kwanza mali ya yule iuzwe.

Sheria hiyo imeweka pia ulinzi. Inataka mdhamini aandike kwa mkono wake mwenyewe, kwa maneno na kwa tarakimu, mwisho wa kiasi anachokidhamini. Na asiyejua kuandika anapaswa kuwa na mashahidi wawili, watakaothibitisha kwamba alikuwapo na kwamba alielezwa maana ya tendo lile. Kwa nini? Ili mtu asije akadhani ametoa jina tu. Tena mdhamini aliyelipa anayo haki ya kumdai yule aliyemlipia. Lakini haki hiyo inasaidia nini, ikiwa ndugu yako hana kitu tena? Utamshtaki mtoto wa mama mdogo kwenye tribinali?

Labda mmoja wenu ataniuliza: Mwalimu, je, Bwana wetu hakutufundisha katika Injili ya Luka, sura ya 6, kukopesha bila kutumainia kurudishiwa? Ndiyo, alitufundisha. Lakini anayetaka kuitii Injili hiyo aitii tangu siku ya kutoa. Aseme moyoni mwake: Hii ninampa, ikirudi, nitamshukuru Mungu, isiporudi, sitahesabu tena. Huo ndio upendo mkamilifu. Wengi wetu twatoa kwa mdomo kama zawadi, na moyoni twahesabu kama deni. Kisha fedha isiporudi twaanza kusengenya. Kufanya hivyo si kukopesha wala si kutoa sadaka. Ni kupanda chuki.

Tumtazame na mtakatifu Paulo. Alipomrudisha Onezimo kwa bwana wake Filemoni, alijitoa kuwa mdhamini wake: kama Onezimo alikuwa na deni, liandikwe juu ya Paulo, na Paulo aliandika ahadi hiyo kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Angalieni mambo matatu. Alimjua vizuri anayemdhamini. Alimjua yule anayedai. Na alikuwa tayari kulipa kabla hajaombwa. Hakusema: Natoa jina langu tu.

Basi, wapenzi, shikeni mashauri haya.

La kwanza: usijibu siku ile ile. Mwambie ndugu yako: Nitaongea na wa nyumbani mwangu. Asiyeweza kungoja usiku mmoja, deni lake lina jambo ndani yake.

La pili: usidhamini kiasi usichoweza kulipa bila kuwanyima watoto chakula, dawa na shule. Baba ana deni kwa watoto wake kabla ya deni lolote la ukoo.

La tatu: kama huwezi kudhamini, toa kidogo ulicho nacho kiwe zawadi. Dola 10 zilizotolewa kwa moyo mweupe zasaidia undugu kuliko sahihi ya dola 400.

La nne: ukikopesha, andikeni, hata kama ni ndugu. Andikeni kiasi, siku ya kulipa, na aina ya fedha. Wazee wetu wanakumbuka kwamba mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani, na mwaka 1998 faranga moja ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Waliokopeshana bila kupatana juu ya jambo hilo waliingia katika magomvi. Karatasi si dalili ya kutokuaminiana. Karatasi husaidia ndugu wawili kukumbuka jambo moja.

La tano ni kwako wewe uliyekopa. Ukishindwa, usikimbie. Nenda kwa mdhamini wako kabla ya siku ya kulipa, ukamwambie ukweli, na umpelekee hata kidogo. Anayeweza kulipa na hataki, huyo anazuia mali ya mtu, na amri ya saba inamhukumu. Asiyeweza, akajificha, anamwibia mwenzake kitu kingine, nacho ni amani.

Nisimulie mwisho wa habari yangu. Miaka miwili ndugu yangu hakukanyaga kwangu. Hata katika matanga ya mama yake, ambaye alinilea, tulikaa pande mbili za uwanja kama wageni. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga, siku ile nililiona neno hilo kwa macho. Baada ya maziko mimi ndimi niliyemwendea, kwa maana nami nilikuwa na kosa: nilimfuata kwa haya, si kwa akili, kisha nikamchukia kwa ajili ya udhaifu wangu mwenyewe. Aliniambia: “Yaya, sikukukimbia wewe. Nililikimbia deni, na kumbe lilikuwa limekaa kwako.” Tangu hapo alianza kuleta, mara dola 5, mara debe la ndagala. Mwaka 2019 tulinunua cherehani kingine, na nusu ya bei yake ilitoka mkononi mwake. Mke wangu alikipokea, akaniambia: “Hiki, Baba, ukitaka kukidhamini, uniulize.”

Sasa tujibu maswali ya somo letu.

Swali: Kumdhamini mtu maana yake nini?
Jibu: Ni kujifunga kulilipa deni lake, yeye mwenyewe asipolilipa.

Swali: Je, ni dhambi kukataa kumdhamini ndugu?
Jibu: Hapana, kama nguvu zangu hazitoshi, na kama namsaidia kwa njia nyingine ninayoiweza.

Swali: Ni nani wa kuulizwa kabla ya kutia sahihi?
Jibu: Wale watakaolipa pamoja nami: mke au mume wangu, na wa nyumbani mwangu.

Swali: Aliyekopa akishindwa kulipa afanye nini?
Jibu: Aseme ukweli mapema, asijifiche, na alipe kidogo kidogo kadiri awezavyo.

Tendo la juma hili: kila mmoja akumbuke deni lake, dogo au kubwa. Ukidaiwa, nenda ukaseme neno. Ukidai, chunguza moyo wako kama ni deni au ni zawadi, na umwambie mwenzako wazi.

Mungu awabariki katika nyumba zenu. Kwaherini mpaka somo lijalo.